Aliyekosa cha Kuchoma

Katika vijana wote waliokuja kambini Agosti ile, Rispa peke yake ndiye ambaye hakusafiri. Wenzake walitoka Likoni na Changamwe na Mikindani, na wengine mbali zaidi, Rabai na Kaloleni, wakashuka kwenye lori na mikeka yao na visanduku vya bati, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Yeye alitoka nyumbani kwa nyanya yake hapo hapo Frere Town, akakatiza kiwanja cha kanisa na mkeka wake kichwani, akawa amefika.

"Pole na safari," Margaret wa Likoni alimwambia siku ile ya kwanza, uso mkavu kabisa. "Bahari haikukuchafua moyo?"

Wasichana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Rispa naye akacheka, macho yake chini, maana hakuwa na jibu. Jibu zuri lingemjia baadaye, amelala, wakati hakuna tena wa kumjibu. Ndivyo alivyokuwa. Aya za Biblia alizijua kuliko wengi pale, lakini Mwalimu Fondo akimwelekezea kidole koo lilikauka, na aya ikachukuliwa na mwingine.

Hata hivyo kambi ilikuwa tamu. Wavulana walilala kwenye mahema ya askari yaliyobaki baada ya vita, na wasichana walilala darasani, madawati yamepangwa ukutani. Asubuhi waliomba, wakanywa uji, wakakaa makundi makundi chini ya paa la shule kusoma Injili. Mchana walicheza nage na kupika kwa zamu. Jioni, kabla giza halijaingia, walikaa duara na kuimba sauti nne, na Misi, mzungu aliyekuwa na miaka mingi pwani, akapiga kinanda chake kidogo cha kukanyaga kilichobebwa nje na wavulana. Rispa alikuwa amezaliwa ndani ya nyimbo zile. Lakini hakuwahi kuziimba na watu wa rika lake, bega kwa bega, na hakujua kwamba zinaweza kumtoa mtu machozi.

Baada ya nyimbo ndipo ushuhuda. Mwalimu Fondo alikuwa mhubiri mwembamba kutoka Rabai, sauti yake kubwa kuliko kifua chake. Alisema, "Aliye na neno asimame," na walisimama. Masha wa Changamwe alieleza alivyokuwa akinywa tembo la mnazi na baba zake wadogo, mpaka siku moja akaamkia kwenye zizi la mbuzi wa watu. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kisha mmoja akaanzisha wimbo. Kache wa Mikindani, ambaye baba yake alikuwa kuli bandarini, alieleza alivyougua utotoni, shangazi yake akampeleka kwa mganga huko kwao Ugiriama, na akavishwa hirizi asiyoweza kuivua mpaka leo. Akavuta mkono wa gauni, akawaonyesha. Ilikuwa nyeusi, imebana nyama ya mkono.

"Naogopa kuivua," Kache alisema. "Nasema kweli. Yesu nampenda, lakini naogopa."

Hakuna ushuhuda uliowaingia watu kama ule. Misi alifuta miwani yake. Na Rispa, aliyebatizwa akiwa na mwezi mmoja, ambaye hakuwahi kuonja tembo wala kuvuka mlango wa mganga, alikaa pale amekunja miguu akijihisi kama mtu aliyekuja harusini mikono mitupu.

"Nyinyi Wamisheni mna raha," Kache alimwambia walipokuwa wakitandika mikeka. "Hamna mzimu wa kuwafuata. Mkizaliwa tu, kengele inalia, mmeokoka."

"Ndiyo maana hasemi kitu," Margaret alidakia. "Atashuhudia nini? Kwamba aliiba sukari kwenye chai ya padri?"

Wakacheka tena. Hawakuwa wabaya, Rispa alijua. Lakini usingizi ulikawia kumjia.

Kesho yake Mwalimu Fondo alitangaza kwamba Jumamosi, baada ya alasiri, watawasha moto nyuma ya kanisa. Aliye na kitu cha giza, hirizi au kombe au kamba ya mganga, na akiwa tayari mwenyewe pasipo kulazimishwa, akilete akitupe. Na Jumapili, kanisa zima likiwepo, mmoja wao atasimama kutoa ushuhuda wa kambi.

Kuanzia hapo darasa la wasichana halikuwa na habari nyingine. Huyu alikuwa na uzi wa kiunoni. Yule alikuwa na kipande cha mti alichopewa na mjomba ili afaulu mtihani. "Na hakufaulu," Margaret alisema, "kwa hiyo mti wenyewe pia ni wa kuchomwa kwa uongo." Hata Margaret alikuwa na kitu, kijiti cha mganga. Rispa aliwasikiliza akisuka ukili, na fikira ikaanza kumjia kidogo kidogo, akaifukuza, ikarudi.

Nyanya yake, Bibi Dorkasi, alikuwa na kitu.

Kilikuwa kifurushi kidogo cha kaniki iliyopauka, kimeshonwa kwa uzi wa magome, kina kamba ya kuvaa shingoni. Ukubwa wake kama kidole gumba. Nyanya alikivaa ndani ya gauni, na alfajiri akiomba alikitoa akakifumbata mkononi. Rispa aliishi naye tangu baba yake alipohamishiwa Voi na reli, na alikiona mara nyingi akijifanya amelala. Siku aliyouliza, nyanya alisema, "Hicho si cha watoto," akakirudisha kifuani, na hakuna aliyekitaja tena.

Rispa aliunganisha mambo. Nyanya aliletwa Frere Town akiwa mtoto, katika wale waliookolewa na manowari kutoka kwa wauza watumwa. Alikuja na kitu kutoka huko bara, kwa watu wasiojua Mungu. Na amekificha miaka yote, yeye anayekaa benchi la tatu kanisani, yeye anayefua vitambaa vya meza ya Bwana. Kama si uganga ni nini? Kadiri Rispa alivyofikiri ndivyo alivyojiona hatendi wizi hata kidogo. Alikuwa anamwokoa nyanya yake na kitu ambacho nyanya mwenyewe hakuwa na nguvu ya kukiacha. Hilo alilisema moyoni kwa sauti kubwa. Lile lingine, kwamba Jumamosi naye angekuwa na kitu mkononi mbele ya watu, alilisema kwa sauti ndogo sana.

Jumamosi asubuhi zamu ya kupika ilikuwa yao, na mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa moja tu. "Rispa, wewe kwenu ni hapo," walimwambia. "Kimbia ulete nyingine."

Alikimbia. Nyumba ilikuwa kimya. Nyuma, ndani ya ua wa makuti, nyanya alikuwa akioga, maji yakimwagika kwa kata na wimbo ukitoka puani. Na kwenye msumari kando ya kitanda, juu ya leso iliyokunjwa, kile kifurushi kilikuwa kimening'inia.

"Nani huyo?" nyanya aliita.

"Ni mimi, nyanya. Shikamoo. Nimefuata mbuzi."

"Marahaba, mke mwenzangu!" Ndivyo alivyomwita siku zote kwa utani wa nyanya na mjukuu. "Nilidhani umeshaniacha peke yangu. Chukua, iko nyuma ya mlango. Na ndizi zimeiva kapuni, wapelekee wenzio."

"Ahsante, nyanya."

Alichukua mbuzi. Alichukua ndizi. Mkono ulikwenda msumarini wenyewe, au ndivyo alivyotaka kuamini, na alipofika kiwanjani kifurushi kilikuwa ndani ya gauni lake, bado kina joto. Akajiambia ni joto la jua la dirishani.

Alasiri ile walikusanyika nyuma ya kanisa. Jua lilikuwa bado liko juu ya minazi, hata moto wenyewe haukuonekana vizuri, ila hewa iliyokuwa ikicheza juu ya kuni. Waliimba. Masha alitupa kibuyu cha kunywea tembo. Margaret alitupa kile kijiti chake na hakufanya mzaha. Kisha Kache akaja na kisu cha jikoni, akampa Misi, akanyoosha mkono. Mkono ule ulitetemeka hata Misi akashindwa, ikabidi Mwalimu Fondo aushike kiwiko.

"Nikifa leo," Kache alisema, meno yakigongana, "mwambieni mama nilikufa nikiimba."

Hirizi ikakatika. Alitazama ngozi iliyokuwa chini yake, nyeupe na laini kama ya mtoto, kisha akaitupa hirizi motoni, akaanguka magotini, na wasichana wote wakamkumbatia.

Rispa hakukumbuka alivyotoka kwenye mstari. Alijikuta mbele ya moto na kamba ikining'inia vidoleni.

"Hii," alisema, na mara hii koo halikukauka. "Hii nilikuwa nikiivaa kwa siri. Hakuna aliyejua. Leo naiacha."

Kwanza watu walitazamana. Rispa? Mtoto wa Misheni? Kisha kelele za sifa zikapanda. Kifurushi kikaanguka kwenye makaa, kaniki ikajikunja, na harufu ikatoka, kali, ya kukereketa pua. Mwalimu Fondo alikuwa na machozi. "Mnaona?" alisema. "Hata ndani ya nyumba zetu. Hata sisi tuliozaliwa karibu na kengele. Binti yangu, kesho wewe ndiye utakayesimama."

Watu waliomtania wiki nzima walimshika mikono. Walimtazama. Alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo, na kwa muda mfupi alisikia utamu wake mpaka kwenye vidole vya miguu.

Chakula cha jioni kilikuwa wali na papa. Kache alikaa karibu na Rispa, sahani mapajani, akimtazama yule samaki kama mtu anayetazama nyoka.

"Mganga alinikataza papa," alisema. "Nikila na hirizi mwilini, ningevimba. Tangu utoto sijui ladha yake." Akafumba macho, akatia kipande mdomoni, akatafuna. Akasubiri. Akafungua jicho moja. "Mbona ni mtamu hivi? Shangazi alininyima kitu!" Wakacheka wote wawili. "Na yako? Yako ilikuwa na miiko gani?"

"Miiko?"

"Wee, hakuna hirizi isiyo na miiko. Ulikatazwa nini?"

"Kuku," Rispa alisema upesi.

Kache aliacha kutafuna. "Juzi tulikula kuku. Paja ulilichukua wewe. Nililitaka mimi."

Rispa alipanga wali kwa vidole, akaupanga tena.

"Na ile harufu ilikuwa ya nywele," Kache aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Za nani?"

"Sijui."

"Ulivaa mwilini na hujui? Mimi yangu nakutajia mti kwa mti. Rispa. Nitazame. Ilikuwa ya nani?"

Macho ya Rispa yakajaa. "Ya nyanya."

"Alikupa?"

Rispa aligeuza uso. Kache aliisukuma sahani, papa na wali wake wote, akainuka. Alisimama akipumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima.

"Mimi pale nimetetemeka mpaka nimejiona mjinga," alisema. "Nilijua naweza kufa. Mpaka sasa sina hakika. Na wewe umekuja nyuma yangu na kitu cha mtu, umepigiwa makofi yale yale."

"Usiseme, Kache. Nakuomba."

"Mimi niseme nini? Mdomo wa kusema unao wewe."

Asubuhi ya Jumapili kengele ililia, na kanisa likajaa. Vijana wa kambi walikaa mbele wamevaa nyeupe. Rispa aligeuka mara moja tu. Benchi la tatu, upande wa akina mama, palikuwa na pengo. Bibi Dorkasi hakuwahi kukosa, hata mwaka ule mvua ilipobomoa jiko lake. Rispa alijua yuko wapi. Alimwona kana kwamba amesimama mlangoni, anakung'uta leso moja moja, anageuza godoro, anainama na magoti yake mabovu kutazama chini ya kitanda.

"Nitasema," aliwaza. "Wakiniita nitasema kweli."

Kwenye kambi walifundishwa kwamba anayekwenda nuruni Mungu hamfukuzi. Alikuwa ameliamini neno hilo wiki nzima, maana halikuwa linamhusu.

Mwalimu Fondo alimwita. Alisimama, akaona vichwa vyote vile, wazee waliombeba alipobatizwa, walimu, wapishi, watu waliokuwa wakimwita "yule mjukuu mkimya wa Bibi Dorkasi." Walikuwa wakimtabasamia. Akasema, "Namshukuru Mungu," na hapo mlango wa pembeni ukafunguliwa, nyanya akaingia. Gauni lake jeupe la Jumapili lilikuwa na vumbi magotini, mabaka mawili ya mviringo. Hakuwa ameyaona. Alikwenda benchi lake, akakaa, akainua uso, na alipomwona ni Rispa aliyesimama mbele, uso ule uliochoka ukachangamka.

Kuacha hapo kungekuwa kugumu kuliko kuendelea. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna sababu nyingine. Maneno yalikuwa yamekwisha kupangwa, yakatoka.

"Namshukuru Mungu aliyenitoa gizani. Nilikuwa na hirizi, ya kitambaa cha kaniki, imeshonwa kwa uzi wa magome. Niliificha. Jana nimeitupa motoni."

Alimwona nyanya yake akiisikia. Mkono wa mzee ulikwenda kifuani, mahali palipokuwa na kifurushi, ukakaa hapo. Kanisa likaanza kuimba, watu wakasimama, na katikati ya watu wote waliosimama nyanya alibaki amekaa. Kabla ya baraka akatoka kwa mlango ule ule.

Baada ya ibada kila mtu alitaka kumshika Rispa mkono. Jikoni wali wa nazi ulikuwa tayari, na lori la kuwarudisha vijana lilikuwa limekuja, dereva akipiga honi kwa mzaha. Rispa alijipenyeza katikati yao, akavuka kiwanja. Njia ile fupi iliyochekwa na wenzake hakuiona ikiisha.

Nyanya alikuwa amekaa barazani kwenye kigoda. Hakuwa ameshika kazi yoyote.

"Nyanya."

"Abee."

Rispa alipiga magoti kwenye mchanga. "Nilikiiba. Jana, ulipokuwa ukioga. Nilidhani ni uganga. Nilidhani—" Akanyamaza, kwa sababu kile kilichofuata kilikuwa uongo uliovaa nguo safi, na alikuwa amechoka nao. "Sikuwa na cha kuchoma, nyanya. Wenzangu wote walikuwa nacho."

Mzee hakupaza sauti. "Kiliungua chote?"

"Chote."

"Na umewaambia kilikuwa chako."

"Ndiyo, nyanya."

"Basi nenda ukawaambie kilikuwa changu. Rudi huko sasa hivi, kabla hawajaondoka. Nimeibiwa mara moja, Rispa. Nisiibiwe mara mbili."

Alimwita Rispa. Hakumwita mke mwenza.

Vijana walikuwa wamekwisha kupanda. Misi alikuwa akipokea salamu za mwisho, Mwalimu Fondo ameweka mguu kwenye ngazi ya lori. Rispa alisimama kwenye vumbi, akawatazama juu. Hakuna mtu aliyemwambia asimame, wala wimbo uliotangulia.

"Nimesema uongo," alisema. Hawakumsikia kwa ajili ya injini. Ikabidi apige kelele, yeye ambaye hakuwahi kupiga kelele hadharani. "Nimesema uongo! Ile hirizi si yangu! Nilimwibia nyanya yangu. Sikuwahi kuvaa hirizi mimi."

Dereva alizima injini. Hakuna aliyesema haleluya. Margaret alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza wiki nzima hakupata la kusema. Masha alitazama mikono yake. Kache peke yake ndiye aliyemtazama Rispa moja kwa moja, akatikisa kichwa kidogo, kama anayesema, ndiyo, endelea kusimama.

"Kwa nini?" Misi aliuliza polepole.

"Nilitaka mnione," Rispa alisema.

Mwalimu Fondo alishuka, akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Rispa alingoja karipio. Lakini mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, na sauti yake kubwa ilikuwa imepotea. "Nipeleke kwa nyanya yako," alisema. "Dereva, utatungoja." Kache akaruka chini bila kuulizwa, akawafuata.

Nyanya aliwakaribisha kwa adabu zote, akawatolea mkeka. Mwalimu Fondo hakukaa mpaka alipokwisha kusema neno lake.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Niliona binti analia, nikaona moto unawaka, nikafurahi. Sikumuuliza hata neno moja. Sikumuuliza umekipata wapi."

"Kaa, mwalimu."

Alikaa. Nyanya alitazama kiwanjani, na aliposema alisema kama anayehesabu vyombo vilivyobaki ndani ya nyumba iliyoungua.

"Sikumbuki mengi. Nakumbuka tulikuwa tunakimbia. Mama alinisimamisha, akanivika kile shingoni, akaniambia usikifungue, nitakifungua mwenyewe nikikuona. Basi. Tulipoletwa hapa walituvua vitambaa vyetu wakavichoma, kwa ajili ya chawa. Kile nilikitia mdomoni. Pengine kilikuwa uganga, mwalimu, mimi sijui. Nilikuwa mdogo. Hata jina lake silijui, nilimwita mama tu. Kwa hiyo kila alfajiri nilikishika nikamwambia Mungu, huyu aliyefunga uzi huu, mimi jina simjui, wewe unamjua. Nimeomba hivyo tangu niliposhika sala. Sikumficha Mungu. Niliwaficha nyinyi, kwa sababu nilijua mtasema nini."

Mwalimu Fondo alijifuta uso kwa kofia.

"Hukukifungua kamwe?" Kache aliuliza.

"Nilimngoja yeye."

Kache alimtazama Rispa, kisha akasogea karibu na kigoda. "Nyanya, ndani yake mlikuwa na nywele. Kilipoungua tulisikia harufu. Mimi navijua vitu hivi. Zilikuwa nywele."

Mzee aligeuka. Midomo yake ilisogea kabla sauti haijatoka.

"Zake? Au zangu?"

Sasa jibu halikuwepo tena popote. Rispa aliinama mpaka paji la uso likagusa mchanga. Alidhani amekwisha kujua ubaya wa alichofanya, kumbe alikuwa amesimama mlangoni tu.

Waliomba pamoja, kwa ufupi. Mwalimu Fondo alianza vizuri, kisha akafika mahali akamtaja kwa Mungu "yule mama ambaye wewe unamjua," akashindwa kuendelea, na Kache ndiye aliyesema amina. Alipokuwa akiondoka Kache alisimama mbele ya Rispa. "Mimi bado sijafa," alimwambia. "Ukipata nafasi njoo Mikindani." Kisha akakimbilia lori, na wimbo wa vijana ukasikika ukienda na barabara mpaka ukapotea.

Jioni Rispa alifua gauni la nyanya, akasugua yale mabaka ya magotini mpaka maji yakawa masafi. Alipika, nyanya akala kidogo, akashukuru kama anavyomshukuru mgeni. Hilo lilikuwa gumu kuliko kofi.

"Nyanya," Rispa alisema vyombo vilipokwisha kuoshwa, "umenisamehe?"

Nyanya alivuta leso mabegani. Hakuwa mtu wa kusema neno la Mungu ili tu kukimaliza kisa.

"Nimeamriwa nisamehe, na nitasamehe," alisema. "Lakini sijafika huko bado. Niko njiani. Usinikimbize."

"Sitakukimbiza."

Mzee aliingia ndani. Rispa alibaki barazani, akapiga magoti pale alipokuwa. Wiki nzima alikuwa amefundishwa namna ya kuanza, namshukuru Mungu kwa hili, namshukuru Mungu kwa lile, na sasa hakuna hata mwanzo mmoja uliomfaa. Hakusema kitu. Lakini hakuinuka pia. Alikuwa na hakika, kuliko siku yoyote ya kambi ile, kwamba yuko mbele ya mtu, na kwamba huyo anajua yote.

"Ingia," sauti ya nyanya ilitoka ndani. "Mbu watakumaliza hapo nje."

Akaingia.